Dodoso Lililonihoji Kuhusu Siwema

Jana mchana, kichwa nimekilaza juu ya meza ya maktaba, niliota niko kwenye kipindi cha sosholojia, mwaka wa pili. Dakta Kagaruki anafundisha matabaka ya jamii, na matabaka yenyewe yamo humo darasani, ya zege, moja juu ya jingine. Mimi niko la chini. Siwema, ninayekaa naye chumba kimoja hosteli, yuko la juu kabisa anakula chungwa, miguu yake inaning'inia juu ya kichwa changu.

Nilimuuliza Dakta kwa nini. Alinijibu kwa upole kwamba ripoti yangu ya utafiti ilikuwa nzuri, ila ya Siwema aliisoma mara mbili, mara ya pili akimsomea mkewe. Hilo liliniuma kuliko zege.

Nikapanda ngazi nimfuate. Ngazi ikawa soko la ndizi, lile alikofanyia utafiti wake. Wauzaji wote wananiuliza Siwema yuko wapi. Mama mmoja ananieleza kwamba Siwema alimenya naye ndizi wiki nzima kabla ya kumuuliza swali hata moja. Mimi wa kwangu niliwahoji kwa simu, nimejilaza kitandani.

Hapo likanijia dodoso, kurasa nne, limebanwa pini shingoni. Likakohoa, likaniita kwa jina langu, Tumpe, likasema nimechaguliwa kwa bahati nasibu na majibu yangu yatakuwa siri.

"Unamwonea wivu Siwema," likasoma. "Nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa."

"Sina hakika."

"Kisanduku hicho kimejaa."

Nikachungulia. Kweli, darasa zima limesimama humo, limebanana, wala hakuna anayenitazama usoni.

"Nakubali kabisa," nikasema, nikaingia kwenye kisanduku changu. Nilikuwa peke yangu, na kulikuwa na baridi.

"Swali la mwisho. Kitu gani hujamwambia?"

Nikasema. Asubuhi Dakta aliniagiza nimjulishe Siwema kwamba usaili wa timu ya utafiti itakayokwenda Kigoma umesogezwa: si Ijumaa tena, ni siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Nafasi ni moja, na sote wawili tumeiomba. Tangu hapo nilikuwa nimeonana naye mara mbili. Mara ya pili tulikula pamoja, akanigawia nusu ya samaki wake.

Dodoso liliandika yote bila kunilaumu. Likajikunja mara nne, likapenya chini ya mlango, likaenda zake.

Nilizinduka saa tisa na robo, shavu limegandana na meza. Tangu saa saba sikuwa nimeinuka pale. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Siwema, wa saa tisa kasoro dakika tano:

"Tumpe, karatasi yako nimeikuta chini ya mlango. Nimeshafika kwa Dakta, naingia sasa hivi. Lile swali la kwanza tutazungumza jioni."