Hongera Kabla ya Jibu

Saa mbili kasorobo asubuhi, wagonjwa arobaini na mmoja walikuwa wamejaa ukumbi wa zahanati ya macho, kila mmoja na simu mkononi, na kila simu ina neno moja kubwa la kijani: HONGERA! Kwenye orodha ya daktari walikuwemo saba.

Binti aliyetengeneza programu ya simu ya zahanati akaitwa kutoka ghorofa ya juu, mbiombio. Wenzake walimbandika jina la Nimepokea, kwa tabia yake moja: ukimwagiza kitu, hagusi kazi mpaka akurudishie maneno yako. "Nimepokea: unataka kitufe kihamie kushoto." Akikuagiza wewe, habanduki kwako mpaka umjibu vivyo hivyo. Wao waliona ni kichaa. Yeye aliiita adabu ya kazi.

Programu yake ilikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha hilo ulifunguka ukurasa wa mtandao wenye kalenda ya miadi. Ukurasa ulikuwa kazi ya shemeji wa meneja, fundi ambaye kipaji chake kikubwa kilikuwa dada yake, mke wa meneja. Kwa kuwa ukurasa hauwezi kuigusa orodha ya daktari, hupeleka ujumbe kwa programu: mgonjwa fulani, siku fulani. Programu ndiyo inayoandika. Lakini kwenye simu kuukuu programu huchelewa kutega sikio. Kalenda imeshafunguka inang'aa, mzee wa watu ameshabonyeza, programu bado inapiga miayo. Ujumbe ukifika hapo, unaanguka kimya kimya, wala hakuna wa kuuokota.

Kwa hiyo Nimepokea aliweka sharti: ukurasa utume ujumbe, usubiri, na usipojibiwa utume tena. Hakuna hongera mpaka programu iseme imepokea. Wakati huo wa kusubiri, kigurudumu kidogo kilizunguka kwenye kioo.

Kigurudumu hicho kilimkera meneja kuliko jino bovu. "Mteja hapendi kusubiri," alitangaza, kana kwamba aliwahi kumuuliza hata mmoja. Mwezi uliopita akaagiza kiondolewe, na kusubiri kwenyewe kuondoke nacho. Shemeji akafuta mistari minane, na tangu siku hiyo ukurasa ukawa unampongeza mgonjwa papo hapo, asikiwe asisikiwe. Kikaoni meneja alipigiwa makofi kwa kuongeza kasi.

Sasa alikuwa amesimama kando ya meza ya mapokezi, karatasi iliyochapwa mkononi, na tabasamu la kukopesha usoni.

"Dada yangu, ni barua fupi tu. Wasomee, sema programu ilikuwa na hitilafu, omba radhi, weka sahihi. Yaishe."

"Na nisipoweka?"

Meneja akashusha sauti. "Mkataba wako unaisha Ijumaa. Anayependekeza kama unaendelea ni mimi."

Kazi hiyo Nimepokea aliihangaikia miaka miwili tangu amalize chuo, na nyingine hakuwa nayo hata ya kuota.

"Programu haikuambiwa kitu, bosi. Ingeandikaje isichoambiwa?"

"Hayo ni ya ndani. Watu wanataka wa kuwaomba radhi."

Shemeji alikuwa ameinama anakagua kamba za viatu vyake, kwa umakini ambao ukurasa wake haukuwahi kuuonja.

"Tena ungetuonya mapema," meneja akapaza sauti, ifike hadi benchi la mwisho, "mimi nisingekubali kabisa!"

Laiti angenyamaza. Nimepokea alitoa simu, akatafuta, akasoma kwa sauti ile ile ya benchi la mwisho.

"'Bosi, tukiondoa kusubiri, ukurasa utawapongeza watu ambao hawajaandikwa. Watakaoumia ni wenye simu za zamani. Nijibu kwamba umepokea.' Hiyo ni tarehe nne ya mwezi uliopita. Jibu, tarehe nne hiyo hiyo: 'Nimepokea, mheshimiwa jaji.' Na vikatuni vitatu vya kucheka."

Bibi mmoja aliyefunikwa jicho la kushoto akageuka mwili mzima ili amwone meneja vizuri kwa lile lililobaki.

"Mwanangu, kacheka mara tatu?"

"Tatu, bibi."

"Haya. Mimi nilipongezwa mara moja tu."

Kicheko kikapita mabenchini. Meneja aligeuka rangi. Nimepokea alimpokonya barua kwa upole, akaigeuza upande mweupe, akaomba kalamu kwa karani wa mapokezi, akaketi karibu na bibi. Akawaandika wote thelathini na wanne, mmoja mmoja, kwa mkono, na akamrudishia kila mmoja maneno yake.

"Nimepokea: jicho la kushoto, Jumatano asubuhi. Ni sahihi?"

"Sahihi, mwanangu."

Saa nne karani aliichukua karatasi, akaipeleka kwa daktari. Meneja akamfuata Nimepokea hadi mlangoni, sauti imelainika kama maandazi ya moto.

"Neno moja tu, dada. Samahani. Mbele yao. Nami Ijumaa nitakumbuka."

"Nimepokea," akasema. "Unataka niombe radhi. Jibu ni hili: siombi. Si leo, si Ijumaa."

Akasimama pale pale, akisubiri meneja amjibu kwamba amepokea.