Aliyeanza Ndiye Mwenye Pointi

"Sekunde kumi na tano," alisema Bi. Trula, karani wa mbio, saa mkononi. "Utoke mwenyewe. Mtu yeyote asimguse."

Delcie Stidham alikuwa amekaa ndani ya gari namba 38, mikanda imembana kifuani, mkono wa kushoto umefungwa bendeji juu ya kibao cha plastiki kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Milango ya magari yale ilikuwa imechomelewa, na njia ya kutoka ni dirishani tu. Daktari alikuwa ameandika kwamba mfupa haujavunjika, kifundo kimeteguka, na kwamba akiweza kujitoa garini bila msaada, basi aachwe aendeshe kwa kadiri atakavyoweza.

"Haya, toka!"

Alifyatua mikanda kwa mkono wa kulia, akachomoa usukani, ambao kwa magari yale huondolewa dereva anapotoka, na kuutupa juu ya dashibodi, akaangusha wavu wa dirisha, akajipenyeza. Mkono mbovu uligusa bati. Maumivu yalipanda hadi begani, naye akayameza. Miguu ikakanyaga lami.

"Kumi na tatu," alisema Bi. Trula. Akaandika kwa kalamu yake iliyofungwa kwa uzi kwenye ubao wa karatasi. "Umepita. Ila umekuwa mweupe kama unga."

"Ndiyo rangi yangu, Bi. Trula."

Mafundi waliokuwa wamesimama kutazama wakaangua kicheko. Hobart Mullins, mzee wa gari namba 7, alikuwa ameegemea tairi akila mkate wenye soseji ya kukaanga. Alijifuta haradali mdomoni.

"Binti, mwambie mjomba wako akubebe mgongoni. Utafika mapema kuliko na hilo gari."

"Mwaka jana hilo gari ulikuwa unaliona mgongo tu, Mzee Hobart."

"Mwaka jana!" Hobart akacheka. "Mwaka jana hukuwa unahesabiwa."

Lile halikuwa tusi, ila liligonga penyewe.

Katika uwanja wa Pigeon Gap, mtoto wa miaka kumi na minne huruhusiwa kushindana, mradi mzazi atie sahihi. Lakini pointi za ubingwa ni za aliyetimiza miaka kumi na sita kabla ya mbio za kwanza za msimu. Mwaka jana Delcie alipungukiwa siku tisa. Siku tisa tu. Basi akaendesha msimu mzima bila kuhesabiwa. Alishinda mara tatu, na kila mara aliposhinda, pointi za kwanza zilipewa aliyemaliza wa pili. Kila Jumatatu alipopita langoni na kutazama ubao wa majina, ubao ulikuwa umemruka, kana kwamba hakuna aliyepita pale.

Hakulalamika. Alinunua daftari. Kwa kuwa hakuwa na pointi za kutafuta, alikaa nyuma ya madereva wengine akijifunza tabia zao, kisha akirudi nyumbani aliziandika: nani hukanyaga breki mapema, nani hasira humpanda akipitwa, tairi la nani huchoka kabla ya mengine. Mjomba wake Odell, fundi wa gari lake, alimwambia anapoteza wino.

Mwaka huu jina lake lilipanda ubaoni, na sasa lilikuwa juu kabisa. Mbio kumi na moja zilikuwa zimepita, na alikuwa akimzidi Colby Rasnick kwa pointi kumi na moja. Zilibaki mbio za mwisho, Jumapili ile ya Oktoba, mchana, kwa sababu milimani jioni zilikuwa zimeanza baridi. Sheria ilikuwa moja na kila mtu aliijua: anayetaka ubingwa lazima aanze mbio zote kumi na mbili. Ukikosa moja, pointi zako zote hazikufai kitu.

Na wiki moja kabla, gari la mbele yake lilipopinduka, Delcie alifanya kosa ambalo kila dereva hukanywa tangu siku ya kwanza. Ukiona unakwenda kugonga, achia usukani. Yeye aliung'ang'ania. Gurudumu lilipopiga ukuta, usukani ulizunguka na kifundo chake.

Ndipo Mjomba Odell alipokumbusha kanuni ya zamani ya pale: pointi humfuata yule aliyekuwa kwenye usukani bendera ya kijani iliposhuka. Akishaanza, anaweza kumpisha dereva wa akiba, na gari likimaliza katika nafasi yoyote, pointi ni za aliyeanza. Delcie aanze nyuma kabisa, aende polepole, angoje bendera ya njano ya kwanza. Magari yote yakipunguza mwendo, aingie kwa mafundi, atoke, na Odell aingie.

"Lakini Mjomba, una miaka tisa hujashindana."

"Usukani hausahauliki, mwanangu. Kinachosahaulika ni kiuno." Jumatano alikwenda kukata leseni mpya, na Jumapili asubuhi akavaa suti yake ya kale ya kuzuia moto. Zipu ilifika tumboni ikagoma. Mama yake Delcie, Joleen, aliyekuwa dada yake Odell, alimkalisha kaka yake akaivuta zipu kwa koleo hadi ikakubali, huku wote wawili wakicheka.

Magari kumi na saba yalipanga mstari. Mama alipanda juu ya paa la jukwaa na redio yake, maana yeye ndiye aliyekuwa macho ya Delcie siku zote.

"Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, Mama."

"Ya njano ya kwanza, unaingia. Hatujadiliani."

"Sawa."

Bendera ya kijani ikashuka.

Kwa duru kumi na nane Delcie alikaa mkiani, akishika usukani kwa mkono wa kulia na kuuegemeza tu ule wa kushoto. Kila kona ilimuuma, lakini aliweza. Katika duru ya kumi na tisa magari mawili yaligongana kona ya pili na yote mawili yakabaki pale yakitoa moshi. Bendera ya njano ikapepea.

"Ingia," alisema Mama.

Delcie alipunguza mwendo, akaelekea kwenye lango la mafundi. Alimwona mjomba wake amesimama tayari, helmeti kichwani. Kisha akamwona Bi. Trula akija mbio kutoka upande wa ofisi, karatasi zikipeperuka, naye si mtu wa kukimbia.

"Usiingie!" Sauti ya Odell ililipuka redioni. "Delcie, pita! Pita, usisimame!"

Alizungusha usukani kwa nguvu, akarudi njiani.

"Kuna nini, Mjomba?"

 Sauti ya Odell ilirudi imeshuka.

"Karatasi ya langoni, mwanangu. Asubuhi, pale tunapoandika majina. Kila mtu anaandika jina, pembeni anaandika kazi yake. Dereva au fundi." Akavuta pumzi. "Nimeandika fundi."

Delcie alizidi kuendesha, macho kwenye gari la mbele.

"Miaka tisa naandika fundi. Mkono umejiandikia wenyewe. Trula anasema karatasi hufungwa bendera ya kijani ikishuka. Nikikaa kwenye hilo gari, linaondolewa, na wewe nalo."

Mazoea yana taabu. Delcie alimwona mjomba wake akilini, saa moja asubuhi, kikombe cha kahawa mkono huu, kalamu mkono ule, akiulizia watu habari za nyumbani huku akiandika. Hakuweza kumkasirikia. Hata yeye angeandika vilevile.

"Bi. Trula hawezi kurekebisha?" aliuliza Mama.

"Amesema moyo wake ungependa. Lakini baba yake Colby aliiona karatasi kabla yake. Na hata asingeiona, Trula asingefanya."

"Basi ingia, Delcie," alisema Mama. "Umeshaanza, mbio zote kumi na mbili umeanza. Hakuna wa kukufuta. Utakuwa wa pili. Wa pili ukiwa na miaka kumi na saba si haba."

"Colby yuko wa ngapi?"

"Anaongoza."

Delcie alipiga hesabu huku akifuata mkia wa magari. Mshindi hupata pointi hamsini, na kila nafasi ya chini yake hupungukiwa mbili. Colby akishinda, yeye akimaliza wa sita, atapata arobaini na kumzidi kwa pointi moja. Akimaliza wa saba, ameshindwa kwa pointi moja.

"Mjomba," alisema. "Vua helmeti, unatoka jasho bure. Nipe muda wa magari ya mbele, duru kwa duru."

"Delcie!"

"Mama, wewe nitazamie tu upande wa juu, wa ukutani. Mkono ukikataa nitaingia. Naapa. Bado haujakataa."

 Mama yake akasema, taratibu, kwa sauti ile ya kazi: "Kijani inakuja. Wa mbele yako anapenda kulala akianza. Pita chini."

Akapita chini, upande wa ndani wa njia.

Hakuwa na nguvu za kupambana na mtu, kwa hiyo hakupambana. Alikumbuka daftari lake. Namba 22 hukanyaga breki mapema kona ya kwanza; Delcie alingoja, akapita. Namba 51 akifuatwa kwa karibu hukasirika na kuteleza. Alimfuata kwa karibu duru tatu, na ya nne jamaa akateleza mwenyewe. Injini mbili zilikufa. Mwingine aligonga ukuta. Kufikia duru ya hamsini alikuwa wa kumi, na vidole vya mkono wa kushoto hakuwa akivihisi tena. Duru ya sitini na mbili, wa nane. Duru ya sitini na nane, wa saba, zikibaki duru saba.

Mbele yake kulikuwa na bati jekundu na namba aliyoijua.

"Huyo ni Hobart," alisema Odell. "Nimtumie mtu akamwombe? Yeye ubingwa haumhusu, labda atakupisha."

"Usimwombe mtu."

"Mwanangu, pointi ni pointi."

"Mwaka jana nilikaa nyuma ya huyu mzee mara saba, Mjomba. Acha."

Katika daftari, ukurasa wa Hobart ulikuwa na mistari miwili. *Baada ya duru ya sitini tairi lake la mbele la kulia huchoka. Hupanda juu kona ya nne, wala hakubali kwamba amepanda.*

Alimfuata. Sitini na tisa, Hobart alishika njia ya chini. Sabini, vilevile. Sabini na moja, gari jekundu lilipanda kidogo kona ya nne, upana wa kiganja. Sabini na mbili, upana wa mguu. Delcie alilegeza mafuta kidogo kila kona ili tairi zake zisichoke kama zile za mbele yake. Mama alitaja duru zilizobaki, basi, hakuongeza neno.

Duru ya mwisho. Kona ya tatu aliingia nyuma ya Hobart kama kawaida, asimtie wasiwasi. Kona ya nne gari jekundu lilipanda, na pale chini pakafunguka nafasi ya gari moja tu. Delcie akaingiza pua.

Hobart alimwona na kurudi chini. Bati likakwaruza bati. Usukani ukamrukia Delcie mikononi, na safari hii mkono wa kushoto aliuachia mara moja. Wa kulia peke yake ukashika. Gari likayumba, likakaa. Wakatoka konani bega kwa bega, wakapita mstari.

"Mama?"

Akabonyeza redio tena.

"Mama, nani?"

"Wewe," alisema Mama, na sauti ya kazi ilikuwa imemtoka. "Kwa nusu ya boneti. Wewe, mwanangu."

Kwa mafundi alijitoa dirishani, na safari hii hakuna aliyeshika saa, na ni vizuri, maana ilichukua karibu dakika. Colby alikuwa wa kwanza kufika, kikombe cha ushindi kwapani.

"Pointi moja!" alisema. "Ningejua, wiki iliyopita ningekuombea uteguke na wa kulia."

"Mwakani utanifuata kwa karibu zaidi, utapata nafasi."

Hobart alikuja akikagua ubavu wa gari lake uliokwaruzwa. Alimtazama Delcie, akatazama tairi lake la mbele la kulia, lililoliwa hadi kwenye nyuzi.

"Usidhani nimekupisha," alisema.

"Najua hukunipisha."

"Waambie na wengine." Akaenda zake.

Mjomba Odell alisimama kando, bado amebanwa na suti, helmeti mkononi kama mtu aliyekuja arusini siku isiyo yake. Akasema, "Delcie, mimi leo nusura..."

"Ulikuwa umeandika fundi, Mjomba. Na kazi ya fundi ndiyo uliyoifanya. Muda ulionipa wote ulikuwa sahihi." Akamnyooshea mkono wa kulia. "Hebu nivue glavu. Siwezi mwenyewe."

Odell alikuwa bado anaivua, kidole kimoja kimoja, Bi. Trula alipofika na ubao wake wa karatasi.

"Gari namba thelathini na nane," alisoma, kama asiyewajua. "Nani aliyeanza?"

"Mimi."

"Nani aliyemaliza?"

"Mimi."

Bi. Trula aliandika mara ya kwanza, akaandika mara ya pili, akamgeuzia karatasi na kumpa ile kalamu yenye uzi. Delcie akatia sahihi.