Waya wa Gitaa la Liberatus

…na akikohoa tena bila kusema neno huyu fundi Tadeo nitamshika ukosi nimbamize kwenye meza yake, juu ya hizi redio alizozipasua matumbo, mikono yangu bado ina moto tangu asubuhi, na yeye ameinamia gitaa langu anafungua skrubu, anaiweka kwenye kifuniko cha kopo, anafungua nyingine, taratibu, anauliza, "Lilianza lini kukata sauti?" jana, fundi, jana mchana, mengine nayameza, nilivyosimama kwenye ukumbi wa baa hapa Iyunga, bendi nzima inanitazama, wanatafuta mpiga gitaa la pili na mimi ndiye niliyeitwa kujaribiwa, mimi Masunga, mbeba magunia, nikapiga mara ya kwanza likalia, mara ya pili likanguruma kama fahali anayechinjwa, mara ya tatu kimya, nikazungusha vitufe vyote, nikalipiga ngumi, kimya, na mpiga ngoma akasema mchunga ng'ombe arudi Usangu, wakacheka hadi mmoja akashika ukuta, na kicheko kile nakijua, ni cha baba, siku aliyonivunjia mgongoni gitaa langu la debe, nyuzi za breki za baiskeli zikanichana chini ya sikio, akaniambia okota, nikaokota kipande kimoja kimoja mbele ya mama, sikulia, nikaapa kuna mtu atanilipa kwa hili, mtu yeyote… "Ulilinunua wapi?" Igawa, fundi, barabarani, kwa mtu mmoja, kwa Liberatus, yule Mhehe wa Iringa aliyekuwa anauza vyombo vyake baada ya bendi yao kuvunjika, sijapata kusikia mpiga gitaa kama yeye, nikampa mtamba wangu wa pekee, ng'ombe niliyepewa na mama, akanipa hili lililobanduka rangi, amplifaya ndogo na waya wa kuviunganisha, kwanza akalipiga mwenyewe, vidole vyake vya kushoto vinakimbia juu ya nyuzi hata huvioni, halafu akasema ndugu Masunga, vitu vikuukuu vinadeka, huu waya usiuvute, usiuviringe kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe, nami nikacheka, nilikuwa namwangalia vidole tu, "Hapa ndani pazuri," anasema Tadeo, "lehemu zote zimeshika, swichi nzima, sumaku nzima," pazuri vipi wakati limekufa, angalia vizuri wewe mzee, tafuta ubovu, lazima uwepo, kwa sababu leo asubuhi nilikwenda kwa Liberatus, siku hizi anakaa hapa hapa Iyunga nyuma ya mashine ya kusaga, sikupiga hodi, nilipiga teke mlango, alikuwa anakunywa uji, ngumi ya kwanza ikamwangusha pamoja na bakuli, ya pili nikasikia pua ikipasuka, mkewe Rozalia akanirukia mgongoni akaniuma bega, nikamtupa kando, "Unamuua mume wangu, amekufanya nini!" na Liberatus pale chini, damu imemjaa mdomoni, anasema waya, ndugu yangu, ni waya tu, jaribu waya mwingine, gitaa ni zima, nami nikasikia mwizi anajitetea, nikauona mkono wake wa kushoto umetandazika sakafuni, nikaukanyaga kwa kiatu cha kazi, vidole vikalia kama vijiti vikavu, nikainua mguu nikakanyaga tena, na nilifurahi, Mungu wangu, nilikuwa nafurahi… "Hebu lete waya wako," nampa, anauchomeka, anaukunja pale karibu na plagi, kra, kimya, anaunyoosha, kra kra, kimya, "Umeona? Shaba imekatikia humu ndani ya mpira, nje huwezi kujua, wewe unauviringaje?" kiwiko changu kinajua, kila jioni, vizuri, kwa kukaza, kama nilivyofundishwa kukunja kamba, "Utupe huu," anasema, anachomoa waya wake ukutani, anauchomeka, anagusa uzi mmoja kwa ukucha, na sauti inajaa chumba kizima, safi, haina kasoro hata moja, inaendelea, inaendelea, natafuta wa kumpiga, Tadeo, mpiga ngoma, baba, nawapanga mmoja mmoja na kila ninayemfikia ngumi inalegea, anabaki yule aliye chini na uji kifuani, aliyekuwa ananieleza la kufanya, alikuwa ananifundisha, huku namvunja alikuwa bado ananifundisha, na mkewe je, amempeleka hospitali, nani kamsaidia kumbeba, ataweza kukunja vidole, hapana, nilivikanyaga mara mbili, ile ya pili hata hasira haikuwepo, ilikuwa raha tu, "Gitaa zima kabisa, kijana, hukuibiwa," anasema Tadeo, bado ameinama, anatafuta skrubu afunge kifuniko, ningeondoka sasa, gitaa begani, bendi inanisubiri, hakuna ajuaye, Rozalia anajua, na nasikia mtu anasema, "Fundi, nimemvunja mtu vidole," ni mimi, lakini amplifaya inavuma na yeye ameshika skrubu kwa meno, "Unasemaje?" anauliza bila kuinua kichwa, nami naanza upya, kuanzia mlangoni.