Ishirini na Saba Kila Upande

Nyie mnaopekua vitu vya wanenu wakiwa shuleni, sikilizeni ya Mwajabu wa Chang'ombe. Hakuwa mjinga. Alisoma hadi darasa la nne, na kila alasiri binti yake Zuena alimwekea daftari mapajani: "Mama, tazama nilichofanya leo." Furaha yake ilikuwa hiyo.

Siku moja, mwaka wa hamsini na tatu, alikuwa akifua. Pindoni mwa kanga ya Zuena akakuta karatasi imefungwa. Ndani tarakimu tupu, sita kwenda kando, sita kushuka, zimezungushiwa mstari. Juu kabisa 142857, chini yake 285714, kisha 428571. Tarakimu zilezile, zinahama viti tu. Akajumlisha kando: ishirini na saba. Akajumlisha kushuka: ishirini na saba. Kila safu vivyo hivyo. Marehemu baba yake alikuwa akiandika hirizi za namna hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akimhakikia hesabu.

Nani amemfunga mwanangu, akawaza, kama si yule mwalimu mgeni, Filomena?

Angengoja mtoto arudi amuulize. Hakungoja. Akajitanda, akampitia jirani yake Mwanaasha awe shahidi, wakaingia darasani bila hodi.

"Bibi, mwanangu umemfanyia nini?" Akaibwaga karatasi mezani.

Filomena akaisoma, akamtazama Zuena. "Si ulisema unamwandalia mama? Haya, mwoneshe."

Zuena akaenda ubaoni. Akaandika 142857, akazidisha kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa sita. Kila jibu, tarakimu zilezile.

Mwanaasha akamgusa kiwiko. "Shoga, hirizi iko wapi? Mie naona hesabu."

"Na kwa saba?" Filomena akauliza.

Zikatoka tisa sita, zimejipanga. Watoto wakacheka, na hawakuzicheka tisa.

"Nilitaka ifanane na za babu," Zuena akasema, uso bado ubaoni. "Ila za babu zinalingana hata pembe kwa pembe. Wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Hii pembe kwa pembe ni thelathini na moja."

Mwajabu hakuwa amejumlisha pembe. Akaomba radhi, mwalimu akasema yamekwisha, mama. Njia nzima alitembea kanga imemfunika mpaka machoni.

Zuena hakumkosea adabu. Shikamoo ilikuwepo, maji aliteka. Ila daftari alilikalia, hakumwekea tena mapajani.

Siku moja baadaye, nyuma ya jiko, Mwajabu alichukua mkaa akazidisha ile namba kwa nane sakafuni. Ikatoka 1142856. Akaitazama sana, mpaka akaona: ile saba ya mwisho imevunjika, sita imebaki mahali pake, moja imekimbilia mbele.

"Zuena, mwanangu, hebu njoo uone."

"Nasoma, mama," akajibiwa kutoka chumbani.

Akakaa hapo na mkaa wake. Kisha akachukua tambara, akafuta sakafu kabla hajapita mtu.