Mistari Miwili Myeupe

"Umempata?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Bado, mama. Picha imeganda."

Dobi alichomoa pasi ukutani ili umeme wote uende kwenye kompyuta. Mashati ya watu yalibaki mezani yamekunjamana, na wenyewe walikuwa wanayataka jioni hiyo hiyo. Liwalo na liwe. Aliinyanyua kompyuta, akaiwekea vifuniko viwili vya chupa chini yake ipate kupumua. Feni ilikuwa ikikoroma kama mzee mwenye pumu.

Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, aliondoka kwa hasira baada ya kurushiana maneno na mama. Alibadili namba, akahama alikopanga, na kila aliyemtafuta akaambulia patupu. Kitu kimoja tu hakukiacha: gemu la vita alilojifunza na Dobi, dada yake, kwenye kompyuta hii hii, wakigombania kipanya. Humo alijiita Kisiki. Ujumbe wa faragha alikuwa ameufunga. Aliyetaka kumsemesha ilibidi amfuate uwanjani, asimame karibu naye. Na leo jina lake lilikuwa linawaka kijani: alikuwamo mchezoni.

Shida ni kwamba gemu lilikuwa limeongezewa madoido mapya, na ile kompyuta kongwe haikuyaweza. Kwenye vibanda vya michezo kulikuwa na mashine nzuri, lakini tangu daktari awarudishe nyumbani, mama hakuwa mtu wa kuachwa peke yake.

Dobi akashusha ubora wa picha. Akazima vivuli, majani, maji. Bado ikaganda. Akashusha tena, mpaka mwisho wa kushuka. Ndipo gemu likatembea, ila lo! Miti ilikuwa vijiti, nyumba maboksi, na watu walikuwa vipande vya sabuni vilivyolowa. Majina yaliyoelea juu ya vichwa vyao yalikuwa ukungu mtupu.

"Basi mwite," mama alisema.

"Nimwite yupi, mama? Wote wanafanana."

Alikimbia huku na huko kati ya vipande vile. Akapigwa risasi, akaanza upya. Akapigwa tena. Jasho lilimwingia machoni. Kitandani, pumzi ya mama ilikuwa ikikatika kisha inarudi, na kila ilipokawia, Dobi aliachia kipanya na kumgeukia.

Ndipo akakiona kipande kimoja darajani. Wenzake walivuka mbio, kifua mbele. Chenyewe kilivuka kinyumenyume. Dobi akashika mdomo. Tangu utotoni mdogo wake aliogopa kilichoko nyuma yake. Akitumwa uani gizani, alirudi kinyumenyume mpaka ajigonge mlangoni, na nyumba nzima icheke.

Alimkimbilia, akaandika: "Kisiki, ni dada. Mama yuko mahututi. Anakuita wewe. Njoo."

Kipande kikasimama. Kilisimama tu, risasi zikikipita pembeni. Halafu chini ya skrini ikatokea mistari miwili myeupe, imevurugika kama nyuzi zilizofumuka. Maneno. Dobi alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Hakuambulia hata herufi.

"Subiri, mdogo wangu, subiri," alinong'ona. Akapandisha ubora wa picha, kidogo tu, kiasi cha kusoma.

Feni ikapiga yowe. Skrini ikawa nyeusi.

Alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena, na tena, huku akiomba kwa sauti. Kilichojibu ni harufu ya waya ulioungua.

"Mbona kimya?" mama aliuliza.

"Amejibu, mama."

"Anasemaje?"

Neno *anakuja* lilimfika Dobi kwenye ncha ya ulimi, akalirudisha.

"Ameandika mistari miwili."

"Miwili!" Mama alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Yule? Yule aliyekuwa anajibu salamu kwa kuguna?" Akapumua. "Nigeuze. Nitazame mlangoni."

Dobi alimpitishia mikono mgongoni. Alikuwa mwepesi kama shuka lililokauka. Akamgeuza, akamwegemeza kwenye mto, kisha akaenda kufungua mlango. Mwanga wa mchana ukaingia hadi miguuni pa kitanda. Dobi akabaki kizingitini, ameshika komeo, asithubutu kuitazama njia wala kugeuka nyuma.