Mzazi Aliyekosa Nafasi

Mama Chiriku alikuwa amepiga magoti sakafuni, ananyoosha sketi ya shule juu ya blanketi lililokunjwa. Kazini, kwenye kiwanda cha udobi kinachofulia mahoteli, alipiga pasi mashuka kutwa kwa mashine ya mvuke, shuka linaingia limekunjamana linatoka limelala kama karatasi. Pasi ya nyumbani ilikuwa ya mkaa na ilikuwa na tabia zake. Upande mmoja inaunguza, upande wa pili imelala usingizi.

"Mama, chuo kikuu kina nini ndani?"

"Umeshaniuliza jana."

"Jana ulisema kina vitabu. Na nini tena?"

"Na watu wanaovisoma."

"Na nini tena?"

"Na watoto wanaouliza maswali kabla ya kupiga mswaki. Hebu nenda."

Binti akaenda na mswaki, lakini akaendelea kuongea na povu mdomoni. Hakuitwa Chiriku bure. Alikuwa darasa la nne, na tangu mwaka uanze shule yao ya msingi ilikuwa imepata mpango mpya. Asubuhi, kabla ya masomo, wanafunzi walipangwa uwanjani, mwalimu wa mpango akapaza sauti, "Tunakwenda wapi?" nao wakaitikia, "Chuo kikuu!" mpaka majirani wakazoea kuamkia kelele hizo. Milango ya madarasa ilibandikwa majina ya kazi za watu waliosoma. Na kila jioni mtoto alitakiwa azungumze na mzazi wake juu ya chuo, kwa sababu, walivyosema shuleni, mzazi ndiye mwalimu wa kwanza.

Mama Chiriku aliyapenda maneno hayo. Tatizo ni kwamba hakuwa na la kuzungumza. Yeye alisoma mpaka darasa la saba, akafaulu, na jina lake likasomwa mbele ya watu. Mama yake akampigia vigelegele. Halafu likizo ikaisha, wenzake wakaenda sekondari, yeye akabaki kulea wadogo zake. Chuo kikuu alikijua kwa ukuta wake tu. Basi la kwenda kazini lilipita pale kila siku, na juu ya ukuta aliona vilele vya miti na paa jekundu. Akiwa amekaa upande wa dirisha aligeuza shingo mpaka paa lipotee.

Kwa hiyo waliposikia kwamba darasa la nne litatembelea chuo, na kila mtoto ataruhusiwa kwenda na mzazi mmoja, hakuna aliyejua nani alifurahi zaidi, mtoto au mama. Mama alimwangukia msimamizi wake wa kazini kwa wiki nzima akiomba ruhusa. Msimamizi akasema hapa si mahali pa matembezi. Mwishowe mwenzake wa mashine ya pili akakubali kumshikia zamu, kwa sharti kwamba Mama Chiriku atamfanyia Jumapili zake zote za mwezi ule. Alikubali bila kufikiri mara mbili.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Alivaa gauni lake la kijani, lile la harusi ya mdogo wake, na viatu vinavyobana. Chiriku alimzunguka akimkagua.

"Umependeza kama mwalimu."

"Kama mwalimu gani?"

"Yule anayetusamehe."

Walipofika shuleni basi lilikuwa limeshaegeshwa getini, injini inanguruma. Lilikuwa dogo. Mama Chiriku aliuona udogo wake tangu mbali, lakini akajiambia huenda kuna lingine linakuja. Mwalimu wa mpango alisimama mlangoni, fulana yake imeandikwa jina la chuo alichosoma, anawaingiza watoto huku akiwagusa vichwa.

"Chiriku, ingia mwanangu. Mama, wewe subiri kidogo pembeni."

Akasubiri pembeni. Waliingia watoto, kisha baba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kisha mama mmoja aliyening'iniza funguo za gari kidoleni, kisha wengine. Kila mmoja mwalimu alimsalimia kwa uchangamfu, kama watu waliozoeana. Basi likajaa. Pembeni walibaki wanawake wanne na mzee mmoja mwenye ovaroli ya gereji.

"Wazazi wangu, mtatuwia radhi," mwalimu alisema. "Tuliomba basi kubwa, tumeletewa hili. Nafasi zimejaa. Tumewapa kipaumbele wazazi waliohudhuria mikutano ya mpango. Ndiyo sera yetu, wazazi washirikishwe."

"Mikutano yenyewe mliiweka saa nne asubuhi, siku za kazi," alisema mzee wa gereji.

"Ni kweli, baba. Lakini wapo waliofika."

Mzee akatikisa kichwa, akajiondokea. Mama Chiriku akasogea.

"Mwalimu, mimi nimeomba ruhusa kazini. Leo nimekuja."

"Naona, mama, na tunashukuru sana. Mtoto wako anakwenda, hilo ndilo la muhimu. Au siyo?"

Ni kweli hilo ndilo lilikuwa la muhimu. Sasa mbona alikuwa bado amesimama pale mlangoni?

Chiriku alikuwa ameshachomoza kichwa dirishani. "Mama, panda!"

"Basi limejaa. Nenda wewe."

"Basi na mimi nashuka."

"Thubutu. Kaa hapo. Angalia kila kitu, ukirudi utanisimulia."

"Sitaki kukusimulia! Nataka uone!"

Watu ndani ya basi wakacheka. Mama Chiriku naye akacheka, kwa nguvu kuliko wote, akampungia mkono mpaka basi likakata kona. Kisha akashusha mkono, asijue aupeleke wapi.

"Nenda kapumzike, mama," mlinzi wa shule alimwambia. "Si umepata siku yako leo."

Alitembea hadi kituoni. Basi la kwenda nyumbani lilikuja, utingo akamwita, akatazama pembeni kama hasikii. Likaja la kwenda mjini, lile linalopita mbele ya chuo. Nauli ilikuwa imepanda tena juma lile, na alijua akipanda hili, kesho ataondoka alfajiri kwenda kazini kwa miguu. Akapanda.

Aliposhuka mbele ya geti la chuo ndipo alipogundua kwamba hakuwa amepanga aseme nini. Mlinzi alikuwa kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake.

"Shikamoo, mama. Umekuja kumwona nani?"

"Marahaba. Sikuja kumwona mtu. Nimekuja kuona chuo."

"Chuo hakionwi hivi hivi. Una kitambulisho? Una miadi na mtu?"

"Binti yangu yumo ndani, na wenzake wa shule ya msingi."

"Hao wameingia na barua. Wazazi wao wameshaingia nao."

"Mimi ndiye mzazi wake."

Kijana akamtazama gauni, akamtazama viatu. Hakuwa na ubaya machoni. "Mama yangu, ningekuruhusu, ila bosi atanila nyama. Mimi mwenyewe nakaa hapa getini mwaka wa ngapi sasa, ndani naingia kwenda chooni tu."

Akamshukuru, akaondoka akifuata ukuta. Hakuwa anakwenda popote, alitaka tu kuwa karibu na ukuta. Nyuma ya kona kulikuwa na geti jingine, dogo, la mabati, na wanawake wamekaa chini na mabeseni. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akampigia kelele.

"We dada uliyevaa kama bibi harusi! Unatafuta kibarua?"

"Kibarua gani?"

"Kufua mashuka ya mabweni. Mwenzetu kaamka na homa, tumepungukiwa."

"Ni ndani?"

"Sasa tufulie barabarani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Chiriku akavua viatu, akaviweka kwenye mkoba, akafunga kitambaa kiunoni juu ya gauni la kijani. Geti la mabati likafunguliwa, na hakuna aliyemdai barua.

Kwanza alifua. Mikono yake ilijua kazi, ikaenda yenyewe huku macho yakizurura. Kisha yule mnene akampa furushi la mashuka makavu apeleke bweni la mwisho, moja kwa moja kisha kushoto. "Usizubae njiani," akamwambia.

Alizubaa. Alipita kwenye majani na kumkuta kijana amelala chali, kitabu kimemfunika uso. Akapita chini ya dirisha la chumba chenye meza ndefu, watu wamekaa kimya kama msibani, kila mmoja na kitabu chake, na hakuna aliyelia. Chini ya mti msichana mmoja, labda mkubwa kuliko Chiriku kwa miaka kumi tu, alikuwa akibishana na mzee mwenye mvi na miwani. "Hapana, profesa, hapo sikubaliani nawe," msichana alisema, na mzee akakunja mikono, akamsikiliza. Mama Chiriku akapunguza mwendo. Yeye hakuwahi kumwambia mtu yeyote mwenye cheo "hapana" akasikilizwa. Alitamani kusikia mwisho wa ubishi ule, lakini shingo ilianza kuuma kwa uzito wa mzigo. Hakuna aliyemtazama. Mtu mwenye furushi kichwani haonekani.

Ndipo akasikia sauti anazozijua. "Tunakwenda wapi?" "Chuo kikuu!"

Zilitoka kwenye jengo kubwa la pembeni, milango yake iko wazi kwa ajili ya joto. Akasogea hadi kizingitini. Ukumbi ulishuka ngazi kwa ngazi kama shimo, viti vimepangwa safu juu ya safu. Watoto wa darasa la nne na wazazi wao walijaza safu tatu za mbele, huko chini kabisa. Kwingine kote kulikuwa kutupu. Mhadhiri mmoja, mwanamume mwenye sauti ya upole, alikuwa akizungumza mbele ya ubao.

"Safari ya chuo inaanzia nyumbani," alisema. "Ninyi wazazi mliokuja leo mmeonyesha kwamba mnajali. Mtoto anaona. Mzazi asipokuja, mtoto anaona hilo pia. Haya, kuna swali?"

Mkono mmoja uliinuka kabla hajamaliza. Mama Chiriku aliujua mkono ule, na sketi ile aliyoinyoosha asubuhi.

"Na mzazi aliyekuja akakosa nafasi?"

"Nafasi ya nini, binti?"

"Kwenye basi. Mama yangu alikuja. Amevaa gauni la kijani."

Wazazi wawili watatu wakacheka. Mwalimu wa mpango akainuka nusu, akamwashiria Chiriku akae. Chiriku hakukaa. Alisimama pale, mikono imeng'ang'ania kiti cha mbele yake, akisubiri jibu kama mtu aliyeambiwa kwamba hapa ndipo majibu yanapopatikana. Mhadhiri akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama sakafu.

Mama Chiriku akalishusha furushi, akaliegemeza ukutani vizuri lisichafuke. Akafungua kitambaa kiunoni. Viatu alivisahau kwenye mkoba, akaanza kushuka zile ngazi peku, sakafu baridi chini ya nyayo, na kadiri alivyoshuka ndivyo vichwa vilivyogeuka.

"Mama!" Chiriku alipiga kelele. "Mama umekuja!"

Mwalimu alimwahi katikati ya ngazi, akazungumza kwa sauti ya chini, tabasamu limeganda usoni. "Mama, si tulielewana? Nilikwambia nafasi zimejaa."

Mama Chiriku akatazama kushoto, akatazama kulia. Viti vilikwenda mpaka ukutani pande zote mbili, safu kwa safu, vimekunjwa, vinasubiri watu.

"Za basi, mwalimu," alisema.

Akakunjua kiti cha safu ya nne, nyuma ya binti yake, akaketi. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani. Chiriku akageuka mzima mzima, akashika vidole vyake vilivyokuwa bado vimekunjamana kwa maji na sabuni, akavitazama.

Huko nje yule mnene alikuwa akiita, sauti inapiga kwenye kuta za majengo. "We dada wa mashuka! Dada wa mashuka uko wapi?" Mwalimu akamtazama, wazazi wakamtazama, mwenye funguo za gari akasogeza mkoba wake. Mama Chiriku alisikia vizuri sana. Alijua kibarua cha leo kimekwenda na maji, na Jumapili za watu bado zinamsubiri.

"Tuendelee?" mhadhiri aliuliza, na haikujulikana anamuuliza nani.

"Endelea, baba," alisema Mama Chiriku.

Mhadhiri akageukia ubao, akachukua chaki. Mama Chiriku akaweka mikono mapajani, akainua uso, akaomba moyoni mtu huyu asimalize upesi.