Koki ya Baba Mkwe

Maulidi alikuwa fundi bomba hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuuliza. Mteja akipiga simu, yeye huyoo, juu ya pikipiki. Akifika Suma anagundua kifaa kinachotakiwa kimebaki dukani Tukuyu, basi anarudi kukifuata huku mvua ikimpiga na mteja amenuna. Mkewe, Mwantum, alichoka kumwanikia makoti. Akaomba simu ya kazi ikae kwake, awahoji wateja kabla fundi hajawasha pikipiki. Maulidi alicheka, akakubali kwa sharti: ikitokea safari moja tu ya kurudia, simu inarudi mfukoni mwake na maneno yaishe.

Mwantum alilitaka jambo hilo kuliko alivyoonyesha.

Asubuhi moja akapiga Ikupa, mwanamke wa Lupepo. Koki ya bafuni kwa baba mkwe wake imekatika, maji yanamwagika ovyo. Mwantum akauliza ni ya ukubwa gani. Ikupa akajibu upesi kwamba ni nusu inchi. Maulidi alishavaa helmeti. Lakini jibu lile lilikuja haraka mno, Mwantum akaingiwa na wasiwasi, akaomba atumiwe picha ya koki.

Ikupa akaanza kujiumauma.

"Mdogo wangu, koki yenyewe umewahi kuiona?"

"Hapana, dada. Bafuni kwa baba mkwe nitaingiaje? Nimemsikia tu akilalamika."

Mwantum akajilaumu. Amezaliwa Tukuyu, anajua kuna nyumba ambazo mpaka leo mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mmoja akitokea, mwingine anapinda kwenye migomba. Ikupa aliona haya tu kusema hajui, akabahatisha.

Maulidi alikuwa akitabasamu kwa namna ya kukera. Mwantum akampa mgongo. Akamwambia Ikupa aweke sauti ya juu, aiache simu kwenye kigoda nje ya mlango wa mzee, kisha ajiondokee zake. Halafu yeye mwenyewe akapiga hodi kwenye simu kwa nguvu zote, mpaka wapita njia pale Tukuyu wakageuka.

Mzee Jotham akaja bila haraka. Alisalimia kwanza, akauliza hali ya watoto, akauliza na mvua ya mjini. Mwantum alijibu yote.

"Koki ni ya robo tatu," mzee akasema hatimaye. "Niliinunua mwenyewe. Na bomba limepasuka pale inapoingia, aje na kipande. Halafu, mama, huyo mkwe wangu mwambie chai yake ya asubuhi ni nzuri fijo, nzuri sana. Mimi sina namna ya kumwambia."

Baadaye Mwantum alimfikishia Ikupa ujumbe huo, akamsikia akicheka na kulia kwa pamoja.

Maulidi alirudi kabla ya adhuhuri, kazi imekwisha, na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki. Hakusema neno la sifa, hajazoea. Simu ilipoita tena, mteja wa Nkunga, mkono wa Maulidi ukaifuata wenyewe, ukasita, ukarudi.

"Pokea wewe," akasema. "Mimi nasubiri kuambiwa nibebe nini."